Siku Niliyomfunga Jela Bwana Visima

Jamani, hili jambo naona nilisimulie mwenyewe, maana wengi wenu mmeshalisikia kwa watu wengine na kila anayelisimulia anaongeza lake, mpaka juzi kuna dada alikuja dukani kwangu kutoa kopi ya cheti, akaniuliza huku anajizuia kucheka kama ni kweli nilimwambia mzungu kwamba baba yake alikuwa mfungwa. Sikumwambia mzungu. Niliwaambia watu zaidi ya mia kwenye ukumbi wa kanisa, kwa kipaza sauti, na mzungu mwenyewe amesimama pembeni yangu anatabasamu. Aibu niliyoipata siku ile, mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso kwa khanga.

Mimi ni Mama Brayan, nina steshenari yangu karibu na stendi hapa Babati mjini, nachapa barua, natoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Kiingereza nilisoma mpaka kidato cha nne na nilifaulu, sikatai, lakini Kiingereza cha kuchapa barua ya maombi ya kazi si Kiingereza cha kumsikiliza Mmarekani mwenye haraka (hilo sikulijua, au nililijua ila sikutaka kulijua).

Sasa basi. Kanisani kwetu Nangara, nyuma ya jengo, kuna kisima cha pampu ya mkono kilichochimbwa zamani na mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Woren. Wazee hawamwiti hivyo, wanamwita Bwana Visima, kwa sababu alikaa huku miaka minne anachimba visima tu, Nangara, Mutuka, kote, halafu akarudi kwao na huko ndiko alikofia. Ni mtu anayependwa mno. Watu wanaoteka maji pale hawakumwona hata kwa sura lakini wanamtaja kama babu yao. Mchungaji wetu, ambaye ni mgeni hapa, alitutangazia kwamba binti wa Bwana Visima anakuja kututembelea, anaitwa Mama Helena, mtu mzima wa miaka sabini na zaidi, na baada ya ibada atazungumza nasi ukumbini kwa sababu kuna mtu anamtafuta.

Mkalimani alishapatikana, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Asubuhi ya Jumapili yenyewe mwalimu akapiga simu yuko kwenye dripu, malaria imempanda kichwani. Mchungaji akatoka nje anaangaza macho, akaniona mimi na gauni langu jipya la kitenge.

"Mama Brayan, wewe si unajua Kiingereza?"

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Ningesema hapana, leo hii nisingekuwa na simulizi. Lakini wifi yangu alikuwa amesimama palepale, na wifi yangu ni mtu ambaye tangu naolewa anasema najifanya msomi, nikasema, "Kidogo tu, Mchungaji," kwa ile sauti ya mtu anayejua sana.

Tukaingia ukumbini. Mama Helena ni mama mrefu, mwembamba, nywele nyeupe kabisa, amebeba mkoba wa turubai begani na hataki mtu amsaidie kuubeba. Akatusalimia "Jambo," tukaitikia kwa shangwe, halafu akaanza kuongea. Jamani! Maneno yalikuwa yanatokea puani, yameshikana kama tambi, mimi nikasikia "baba yangu," nikasikia "vita," nikasikia "picha." Moyo ukatulia. Picha! Kumbe marehemu alikuwa wa kazi yangu!

"Anasema baba yake alikuwa mpiga picha maarufu wakati wa Vita Kuu ya Pili," nikatafsiri, na nikaongeza kwa furaha yangu mwenyewe, "kama mimi."

Watu wakapiga makofi. Mama Helena akafurahi, akaendelea. Akasema jeshi lilimkataa baba yake kwa sababu sikio lake moja lilikuwa halisikii. Hilo nililipata vizuri kabisa, nikasema kwa fahari, "Jeshini walimkataa kwa sababu alikuwa hasikii." Na watu wakatazamana, maana kwetu mtu asiyesikia ni mkaidi, na mama mmoja wa mstari wa mbele akasikitika, "Kumbe alikuwa hivyo?" Ningerekebisha palepale, lakini Mama Helena alishakuwa mbele, na mimi namkimbilia kwa nyuma kama mtu anayefukuza basi lililoondoka.

Akasema kitu kuhusu mkono wa baba yake kuwa na nguvu. Sasa neno lao la mkono na neno lao la silaha yanakaribiana mno, nikasema alikuwa na silaha kali. Akasema mchana mmoja aliwapiga wanaume kumi na mmoja. Nilisikia hivyo kabisa, kupiga, wanaume, kumi na mmoja. Nikajua bila shaka amewapiga picha, lakini mbona mama anaonyesha ngumi hewani na macho yanang'aa? Nikaona niseme kama nilivyosikia.

"Siku moja aliwapiga wanaume kumi na mmoja."

"Eee!" ukumbi mzima.

"Peke yake?" akauliza mzee wa kanisa, Baba Elia.

"Peke yake," nikajibu (sikumuuliza Mama Helena, nilijibu tu kutoka kichwani). "Walikataa kupigwa picha."

Hapo tayari nilishaanza kutunga, na mtu akianza kutunga inabidi aendelee ili maneno yashikane. Mama Helena akasema mwishoni kabisa kuna mtu aliiba nyumbani, nami nikasema mwizi aliingia nyumbani kwa marehemu akaiba, na ukumbi wote ukasema "Pole sana!" kwa pamoja, kwa huruma ya kweli. Mama Helena "pole" anaijua. Akaweka mkono kifuani, akaniambia hakutegemea watu wa huku wauelewe mchezo ule kiasi hicho. Mchezo? Mchezo gani? Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Halafu akatoa sauti ya chini. Akasema vita vilipokwisha, baba yake aliachiwa.

Ninyi mngesemaje? Mtu amepiga watu kumi na mmoja, ana silaha, hasikii, na vita vilipokwisha akaachiwa.

"Vita vilipokwisha," nikasema taratibu, na mimi mwenyewe nilikuwa nasikitika, "ndipo akaachiwa kutoka jela."

Bibi mmoja akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona maana wote wawili hawasikii vizuri, "Ndiyo maana alikuwa mpole vile. Jela inafundisha." Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

Na hapohapo Mama Helena akauliza alichokuja kuuliza. Akasema baba yake katika barua zake za huku alikuwa akimtaja sana kijana mmoja aitwaye Margwe. Anataka kujua kama yupo hai. Akasema ni yule ambaye kila jioni alikuwa akimkamata baba yake.

Nikashika kipaza sauti vizuri.

"Anamtafuta mtu anayeitwa Margwe. Ndiye aliyekuwa akimkamata baba yake."

Mzee Margwe alikuwa amekaa benchi la tatu kutoka nyuma. Ni mzee anayeheshimika Nangara nzima, tangu apasuliwe goti anatembea na fimbo, na kutoka kwake mpaka kanisani anapumzika mara mbili. Nilimwona akisimama polepole kama mtu anayekwenda kujisaidia. Akafika mlangoni. Halafu, jamani, yule mzee alitoka mbio, na fimbo akaiacha imeegemea ukuta.

"Yupo?" Mama Helena akaniuliza.

Nikawauliza watu. Wakaanza kutazama dari. Walikuwa wanamlinda mzee wao, na mimi nawasifu kwa hilo, lakini walimlinda kupita kiasi, maana Baba Elia, mzee wa kanisa, mtu anayeshika kapu la sadaka, alisimama akasema, "Huyo alishafariki. Miaka mingi." Na kwaya nzima ikaitikia kwa vichwa, akiwemo Mama Neema, binti wa kumzaa Mzee Margwe, ambaye asubuhi ile alikuwa amempikia baba yake uji.

Nikamgeukia Mama Helena nikamwambia kwa Kiingereza changu safi kwamba Margwe amekufa. Hilo ndilo jambo nililolitafsiri sawasawa kuliko yote siku ile, na ndilo lilikuwa la uongo.

Mama Helena akakaa kwenye kiti, akatazama mikono yake, machozi yakaanza kudondoka kwenye ule mkoba. Kisha akafungua mkoba akatoa glavu moja kubwa ya ngozi, imechakaa, imekuwa nyeusi kwa mafuta ya mkono, na mpira mdogo mgumu mweupe wenye mshono mwekundu. Akasema alitaka kumpa Margwe, sasa hajui ampe nani.

Mama Neema akatoka kwenye kwaya. Alikuja mpaka mbele, akaitazama ile glavu, na uso wake ukabadilika. Akaniambia sikioni, "Mama Brayan, baba anayo kama hii. Iko juu ya kabati, ameifunika kwa kitambaa, hataki mtu aiguse. Muulize ni ya nini."

Nikamuuliza. Mama Helena akafuta macho, akainuka, akanivalisha ile glavu mkono wa kushoto, akanielekeza nichuchumae kidogo. Akarudi nyuma hatua kama kumi. Nilidhani ni sala ya kwao. Yule mama akainua mguu, akazungusha mkono, na miaka yake yote ile sabini na kitu, akarusha.

Mimi nilifumba macho. Mpira ulinipata hapa, juu ya jicho, nikaenda chali mpaka kwenye ngoma za kwaya, na gauni la kitenge likanasa kwenye stendi ya maikrofoni likachanika kutoka kiunoni kwenda chini. Na nikiwa pale chini, miguu juu, nikasikia sauti ya Baba Elia ikisema, "Damu ya baba yake hiyo! Kampiga!"

Mama Helena alikuja mbio, amepiga magoti ananishika kichwa, anarudia rudia "pole, pole," na anajipiga kifuani akionyesha mkono wa kurusha na kusema neno lilelile. Picha. Baba. Picha. Anarusha hewani. Picha. Na mimi, nyota bado zinazunguka, ndipo nikaelewa. Kwao mrusha mpira anaitwa pitcha. Marehemu hakushika kamera maishani mwake. Alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa, na kumkamata ilikuwa kudaka! Margwe alikuwa anadaka mipira yake! (Kuwapiga wale kumi na mmoja, nilielezwa baadaye, ni kuwatoa mchezoni kwa mipira wasiyoweza kuigonga kwa gongo, na kuiba nyumbani ni mchezaji kukimbia akawahi kituo cha mwisho wenzake hawajajipanga.)

Nilitamani nibaki palepale chini mpaka watu watawanyike. Lakini Mama Neema alikuwa ananitazama, na nikawaza yule mzee na goti lake yuko wapi saa hizi. Wakanifunga khanga, nikasimama, nikachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, naomba mnisamehe. Bwana Visima hakupiga mtu. Hakufungwa. Hakuibiwa. Hata picha hakupiga. Alikuwa anarusha mpira, na mimi Kiingereza kimenishinda tangu neno la kwanza, nikaona aibu kusema."

Nilitegemea watanizomea. Walianza kucheka, kwanza wifi yangu, halafu ukumbi wote, walicheka mpaka bibi wale wawili wakashikana, na Mchungaji akageukia ukutani mabega yanatikisika. Niliyeogopa kumtazama ni Mama Helena. Nikamkalisha, nikamwambia polepole, neno moja moja, niliyoyasema na yaliyotokea. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo Margwe yu hai?"

Gari lake la kukodi lilikuwa mjini na dereva, linaondoka kurudi Arusha saa tisa. Ilishapita saa saba. Mama Neema akapiga simu kila mahali, akaambiwa baba yake ameonekana nyuma ya bodaboda anaelekea Mutuka, shambani kwa kaka yake. Tukapanda bajaji, mimi, Mama Neema na Mama Helena katikati yetu na mkoba wake, Mama Neema ameshika ile glavu, mimi jicho limevimba na fimbo ya mzee nimeishika mapajani.

Mutuka tulimkuta hayupo ndani. Mahindi yalikuwa marefu yamefika kichwani. Mama Neema akaita, "Baba! Toka!"

"Sikumkamata mimi!" sauti ikatoka ndani ya mahindi. "Mwambieni huyo mama! Sijawahi kumshika hata shati! Alikuwa mtu mwema!"

"Mzee, shikamoo," nikasema. "Ni mimi Mama Brayan. Nilikosea. Anasema ulikuwa unadaka. Unadaka mpira."

Mahindi yakatikisika. Mzee Margwe akatokea, suti yake ya Jumapili imejaa majani, akanitazama jicho langu lililovimba kama mtu anayeona haki imetendeka, halafu akamwona Mama Helena amesimama uani ameshika mpira.

Mzee akanyoosha mkono kwa Mama Neema, akapewa ile glavu, akaivaa bila kuitazama. Akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akaweka mikono mbele ya kifua. Mama Helena naye safari hii akarusha taratibu, karibu na kumpa tu. Mzee akadaka. Ile sauti ya mpira kwenye ngozi, pa! Mzee akacheka kama kijana.

Wakakaa kwenye viti uani na hapo nikaombwa nitafsiri tena (ndiyo, mimi, hapakuwa na mwingine), na kila sentensi niliiuliza mara mbili, Mzee Margwe akachoka akaniambia, "Wewe mama, sema tu."

Mama Helena alisema baba yake nyumbani hakuutaja kabisa huo mchezo. Yeye alibaki Marekani akilelewa na shangazi wakati baba yake yuko huku, na habari za mpira alizikuta kwenye zile barua na vipande vya magazeti baba yake alipokwisha kufa. Alichojua ni kwamba timu kubwa ilimchukua kwa sababu warushaji wake hodari walikwenda vitani, akacheza misimu mitatu, na vita vilipokwisha wenyewe wakarudi, yeye akaambiwa asante, nenda. Akasema siku zote aliamini baba yake aliishi na uchungu huo, ndiyo maana alinyamaza, na ndiyo maana alikwenda mbali nao.

Mzee Margwe akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hapana. Mimi aliniambia. Tukimaliza kuchimba jioni tunarusha, na anazungumza Kiswahili vizuri tu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikamuuliza, Bwana, hukukasirika walipokutoa? Akasema siku yule mwenye nafasi aliporudi kutoka vitani, alikwenda mwenyewe kumpokea getini. Akasema, Margwe, wenzake wengi hawakurudi. Mimi nilimwona anakuja na miguu yake miwili, nikavua shati nikampa, na sikupata kufurahi vile tena mpaka binti yangu alipozaliwa."

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye "binti yangu" ikabidi nianze upya. Mama Helena alimshika mzee mkono wenye glavu, akakaa hivyo. Gari la Arusha, Mchungaji alikuwa amemwelekeza dereva atufuate, lilipiga honi barabarani mara tatu, dereva akaja mwenyewe mpaka uani, akatutazama wote tunavyolia, akasema basi atasubiri.

Mkoba aliondoka nao mtupu. Glavu na mpira vilibaki Mutuka.

Mimi nilirudi mjini na jicho lililovilia damu, nikakaa nalo wiki mbili, na kila aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliniambia nianze kujipiga mwenyewe. Wacheke tu, wana haki. Lakini huwa nakaa nawaza, mama wa watu angerudi Marekani siku ile akiamini Margwe amekufa, na neno la baba yake lingebaki kwenye mahindi ya Mutuka, kisa mimi nimeona haya kumwambia mtu, samahani, hilo neno sijalisikia, rudia. Siku hizi narudisha watu nyuma hata kwa Kiswahili. Mteja akitaja jina lake namuuliza mara tatu, na akinuna, namwacha anune.